Hand Dance ya Washington: anza na miguu, mikono itafuata

Kila majira ya joto huku Maryland maswali ni yale yale. Mtu kaalikwa kwenye harusi au sherehe ya jirani yake Mmarekani mweusi, muziki wa zamani ukawekwa, na wazee wa miaka 70 wakaingia uwanjani wameshikana mkono mmoja, wanateleza kana kwamba sakafu imepakwa mafuta. Yeye kabaki pembeni na sahani ya mbawa za kuku. Kesho yake ananiuliza: ile ni salsa? Lazima niwe na mwenzi? Mbona hawatoki jasho? Itanichukua muda gani? Nayajibu yote hapa, nikiulizwa tena nitamtuma mtu asome.

Si salsa. Inaitwa Hand Dance, dansi ya wawili ya ukoo wa swing, na ni mali ya watu weusi wa Washington, D.C. Inahesabiwa kwa 6. Miguu haiachani na sakafu, hakuna kuruka wala kurushana hewani, na ufundi wake mkubwa uko kwenye mikono: kuzungusha, kupitisha, kubadilishana, bila kuvutana. Uchezaji ukionekana mwepesi, ujue mchezaji ameutumikia miaka.

Imetoka wapi (fupi, ila usiiruke)

Bibi wa dansi hizi zote za swing ni Lindy Hop, dansi ya Harlem, New York, iliyokuzwa Savoy Ballroom, ukumbi uliofunguliwa 1926 na kufungwa 1958. Ikasambaa kwenye miji yenye watu weusi wengi, na kila mji ukaibadili kwa muziki wake na watu wake. Chicago wana steppin', Philadelphia wana bop, Detroit wana ballroom yao. Washington, miaka ya 1950, vijana wakaipunguza mirusho, wakailainisha, wakabaki na mteremko wa miguu na mikono.

Wakati huo mji ulikuwa umegawanyika kwa rangi. Kipindi cha dansi cha televisheni cha mtangazaji Milt Grant, kilichorushwa kutoka Raleigh Hotel kuanzia 1956 hadi 1961, kilikuwa cha vijana wazungu wakicheza muziki ambao sehemu kubwa ilipigwa na weusi, na vijana weusi wenyewe wakitengewa siku moja tu kwa wiki. Mwaka 1963 ikaanza WOOK-TV, chaneli ya 14, iliyolenga watazamaji weusi, na ndani yake kipindi cha dansi cha Teenarama kikiongozwa na Bob King. Vijana wa sekondari walicheza mbele ya kamera baada ya shule, na wenzao nyumbani wakawaiga sebuleni. Kiliendelea hadi 1970.

Aprili 1968, baada ya kuuawa Martin Luther King, barabara za 14th, 7th na H ziliungua, na biashara nyingi za weusi pamoja na sehemu za starehe zikaenda nazo. Miaka ya 1970 ikaja hustle, dansi ya disko, ikaja go-go, muziki wa Washington wa Chuck Brown, na Hand Dance ikajificha kwenye sherehe za familia. Iliporudi kwa nguvu, waliorudi nayo ni wale wale waliokuwa vijana, sasa watu wazima wenye vyama na madarasa yao. Ndiyo maana ukiingia ukumbini unakuta wenye mvi ndio mabingwa. Usidhani umekosea mlango ukaingia kwenye mkutano wa wastaafu.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Viatu vyenye soli laini, ya ngozi ikiwezekana. Raba za mazoezi zinang'ang'ania sakafu, ukigeuka mguu unabaki na goti linakwenda. Ndala na viatu vya wazi, hapana.
- Sakafu ngumu: mbao, vigae au saruji iliyosuguliwa. Kwenye zulia utajifunza kunyanyua miguu, na hicho ndicho tusichokitaka.
- Muziki wa soul wa miaka ya 1960: The Temptations, Smokey Robinson and the Miracles, Mary Wells, Four Tops, na Marvin Gaye, ambaye ni mtoto wa Washington, kazaliwa huko 1939. Anza na nyimbo za mapigo 100 hadi 115 kwa dakika. Ziko programu za simu za kupima mapigo; gonga kioo kufuata wimbo na namba itatokea.
- Mlango wenye kitasa imara. Utaona kazi yake.
- Dakika 15 kwa siku. Saa 2 za Jumamosi peke yake hazifui dafu.

Mwenzi hahitajiki kwa wiki za mwanzo. Hata ukiwa naye, kila mmoja afanye hatua ya 1 hadi ya 4 kivyake. Wanandoa wanaoanza wameshikana mikono siku ya kwanza huishia kununiana.

Hatua zenyewe

1. Sikiliza, usicheze. Weka wimbo mmoja, keti, piga makofi. Nyimbo za namna hii zinakwenda kwa 4, na kofi au tari mara nyingi inaangukia pigo la 2 na la 4. Nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Detroit, ngoma ndogo inapiga yote 4, hivyo ukichanganyikiwa sikiliza besi. Sisi tuliokulia Msondo na Sikinde tuna ugonjwa mmoja: tunasubiri chemko. Humu hakuna chemko. Wimbo unaanza na mwendo wake na unaisha nao, na raha iko katika kuushikilia huo mwendo.

2. Hamisha uzito. Simama miguu ikiwa chini ya mabega, magoti yamelegea. Uzito wote kushoto, kisha wote kulia, bila kunyanyua kisigino. Jipime hivi: uzito ukiwa kushoto, mguu wa kulia uweze kuuburuta popote bila mwili kuyumba. Ukishindwa, umegawa uzito nusu kwa nusu, na hapo ndipo makosa yote ya mbele yanapozaliwa.

3. Hatua ya msingi, hesabu 6. Nafundisha namna hii. Walimu wengine huanzia hesabu mahali pengine au huanza na hatua chache zaidi. Ukienda darasani fuata mwalimu wako, miguu itazoea haraka. Anayeongoza anaanza na kushoto:

- *Moja-na-mbili*: kushoto, kulia, kushoto. Hatua 3 ndogo, ukisogea kidogo kushoto.
- *Tatu-na-nne*: kulia, kushoto, kulia. Hatua 3 ndogo, ukirudi kulia.
- *Tano*: mguu wa kushoto unarudi nyuma kidogo.
- *Sita*: uzito unarudi mguu wa kulia ulipokuwa.

Anayefuata anafanya hayo hayo kwa kinyume: anaanza na kulia, na kwenye *tano* mguu wake wa kulia ndio unaorudi nyuma. Wote wawili wanarudi nyuma kwa wakati mmoja, kila mtu upande wake. Hapo ndipo mkono unaowaunganisha unanyooka kidogo.

Angalia ukubwa wa hatua. Hizo hatua 3 za haraka zisizidi urefu wa unyayo wako. Weka sarafu chini, anzia juu yake; ukimaliza mzunguko wa 6 uwe umerudi pale pale. Ukijikuta karibu na jokofu, unatembea, huchezi.

> Onyo: Usirukeruke. Mgeni anasikia muziki umechangamka, anaanza kudunda kwa visigino. Kichwa chako kibaki usawa ule ule. Jitazame kwenye kioo au dirisha la usiku: paji la uso likipanda na kushuka, punguza.

4. Tia muziki. Sasa utagundua jambo linaloogopesha wengi: muziki unakwenda kwa 4, wewe unakwenda kwa 6. "Moja" yako ya kwanza inaangukia mwanzo wa sentensi ya muziki (mapigo 8, yaani 4 mara mbili), ya pili inaangukia kabla sentensi hiyo haijaisha. Hujakosea. Ukifanya hatua ya msingi mara 4 umetumia mapigo 24, na hapo wewe na wimbo mnaanza pamoja tena. Usisimame kusubiri wimbo ukufikie. Endelea.

Kaa kwenye hatua hii mpaka uweze kujibu swali la mtu ("umekula?") bila miguu kupotea. Najua inachosha. Lakini anayeruka hapa namtambua ukumbini toka mlangoni: mikono yake inajua mambo 10 na miguu haijui hata moja.

5. Kitasa. Shika kitasa cha mlango uliofungwa kama mkono wa mwenzi. Anayeongoza ashike kwa mkono wa kushoto, anayefuata kwa wa kulia. Cheza hatua ya msingi. Kwenye *tano* mwili unarudi nyuma na mkono unanyooka kiasi, kiwiko kikibaki kimekunjika kidogo. Kwenye *sita* unarudi. Mlango usitoe sauti. Ukigonga, umevuta. Mkono ukining'inia kama kamba ya nguo, umelegea mno. Unatafuta ile ya katikati, ambapo unahisi mlango upo lakini huutegemei.

6. Mkono wa mtu. Anayeongoza anatoa mkono wa kushoto usawa wa kitovu, vidole vimekunjika kidogo kama vimeshika mpini wa ndoo. Anayefuata anaweka vidole vyake juu ya hivyo, toka juu. Basi. Vidole gumba vyote vikae pembeni.

> Onyo: Usibane kwa kidole gumba. Ukiubana mkono wa mtu halafu akazunguka, kifundo chake ndicho kinacholipa. Hili ndilo jambo la kwanza wenyeji watakalolalamikia, na wengine hawatalalamika, watakukwepa tu.

Chezeni hatua ya msingi wimbo mzima mkitazamana usoni au begani, si miguuni. Kwenye *tano* wote mnarudi nyuma, mnahisi mkono umejaa kidogo. Huo mjao ndio lugha yenu. Anayeongoza akitaka jambo, analisema kwa kuelekeza kiwiliwili chake na mkono unafuata. Anayefuata asikisie. Wengi wetu tumefunzwa kuwahi, kusaidia, kumalizia kazi ya mtu; humu kuwahi ni kosa. Subiri uambiwe na mkono.

7. Mzunguko wa kwanza. Anayefuata atazunguka kwenda kulia kwake, chini ya mkono.

- *Moja-na-mbili*: anayeongoza anainua mkono wa kushoto polepole hadi juu kidogo ya kichwa cha mwenzi, mbele juu ya paji la uso, si nyuma ya kichwa.
- *Tatu-na-nne*: anayefuata anapita chini na kuzunguka kwa zile zile hatua 3 ndogo. Vidole vinazungukana, havishikani. Anayeongoza aache vidole 2 tu vining'inie, mwenzi azunguke kuvizunguka.
- *Tano, sita*: mkono umeshuka tena kitovuni, wote mnarudi nyuma kama kawaida.

Kosa la kila mtu: anayeongoza anachora miduara hewani kama anakoroga uji. Mkono ukishafika juu, kazi yako imekwisha. Mwenzi ana miguu yake.

8. Kubadilishana nafasi. Ni mzunguko huo huo, ila kwenye *moja-na-mbili* anayeongoza anasogea pembeni kushoto kwake na kuacha njia wazi. Anayefuata anapita mbele yake, anamalizia kuzunguka upande wa pili, na mnajikuta mmebadilishana mahali. Anayeongoza ageuke amfuate kwa uso. Siri ni kuondoka njiani mapema. Ukichelewa nusu pigo, mnagongana mabega.

9. Kubadili mkono. Hapa ndipo jina la dansi linapoanza kueleweka. Kwenye *tatu-na-nne* anayeongoza anauleta mkono wa mwenzi mbele ya tumbo lake na kuupokea kwa mkono wa kulia, kama mtu anayehamisha funguo. Mkizoea, fanyeni kwa nyuma ya mgongo: anayeongoza anageuka kushoto, anauweka mkono wa mwenzi kiunoni kwa nyuma, mkono mwingine unaupokea pale. Sheria ni moja: mkono wa pili uwe umeshafika kabla wa kwanza haujaachia. Ukiachia mapema, mwenzi anapaa peke yake.

Kwa hatua ya 7, 8 na 9 unaweza kucheza usiku mzima bila aibu. Mengine yote utayaokota kwa watu.

10. Nenda ukumbini. Video zitakuonyesha umbo, hazitakuonyesha uzito wa mkono. Eneo la Washington na Prince George's County, wilaya ya Maryland inayopakana nayo, kuna madarasa kwenye vituo vya jamii, vituo vya wazee na kumbi za vyama vya maveterani, na mara nyingi saa ya kwanza ni ya wanaoanza kabla ya muziki wa wote. Nenda saa hiyo.

Adabu za huko nazieleza kidogo kwa sababu ndizo zinazotuangusha zaidi kuliko miguu:

Wazee huitwa Mr. au Ms. pamoja na jina la kwanza. Kumwita mama wa miaka 75 kwa jina tupu, hata kama kazini kwako kila mtu huitwa hivyo, ni sawa na kumwita bibi yako jina lake mbele ya wageni. Omba kucheza kwa kunyoosha mkono na kuuliza. Ukikataliwa, tabasamu na uende, huenda magoti yake yanapumzika. Wimbo mmoja au miwili, kisha shukuru na umsindikize alipokuwa amekaa. Usimfundishe mtu katikati ya uwanja, hata kama umeona kosa lake. Usikatize uwanjani na kinywaji, zunguka ukutani. Beba taulo dogo na shati la kubadili. Omba ruhusa kabla ya kupiga video, na usipopewa, weka simu mfukoni.

Katikati DJ ataweka dansi ya mistari, watu wote wakigeuka pamoja. Ingia mstari wa nyuma uige. Hakuna atakayekucheka, na ni hapo utakapojulikana jina.

Mambo yakigoma

*Napotea kila baada ya kuzunguka.* Umeacha miguu isimame wakati mkono unafanya kazi. Rudi hatua ya 7, fanyeni mzunguko mmoja, kisha hatua ya msingi mara 3, kisha mzunguko. Usiunganishe mizunguko miwili mpaka hiyo ikae.

*Tunakanyagana.* Mmoja wenu anasogea mbele kwenye *moja-na-mbili* badala ya pembeni. Chorea mstari wa chaki sakafuni, mmoja kila upande, mcheze wimbo mzima bila kuuvuka.

*Mwenzi anasema namvuta.* Rudi kwenye kitasa siku 2. Kisha chezeni mkishikana kwa kidole kimoja kimoja. Huwezi kumvuta mtu kwa kidole cha shahada bila wote kujua.

*Kiwiko au bega linauma.* Mkono wako umenyooka kabisa kwenye *tano*. Rudi nyuma nusu ya ulivyokuwa ukirudi. Maumivu yakiendelea baada ya kupumzika, pumzika zaidi na umwone daktari.

*Nyimbo za haraka zinanishinda.* Fanya hatua ndogo zaidi, usiongeze nguvu. Kwenye wimbo wa kasi sana, badala ya zile 3 za haraka weka hatua 1 kwenye *moja* na 1 kwenye *tatu*, utulie kwenye *mbili* na *nne*. Bado ni 6, na mwenzi mzoefu atakuelewa.

*Mimi ni mwanamke nataka kuongoza, au mwanamume nataka kufuata.* Jifunze. Wapo wanawake wengi wanaoongoza, kwa kuwa kwenye kumbi nyingi wanaume ni wachache. Ila mwambie unayemwomba kabla hamjaanza, ili asikae na mguu usio wake.

*Niko Mwanza, huku hakuna ukumbi wala mzee wa Washington.* Hatua ya 1 hadi ya 9 zinafanyika popote penye sakafu na kitasa. Tafuta mwenzi mmoja mvumilivu, jirekodini video kila wiki, mtazame vichwa kwanza, kisha mikono, na miguu mwisho. Usifungue darasa la kulipisha kabla hujacheza na wenyewe. Kuna mambo ya mkono ambayo hakuna maandishi yatakayokupa, haya yangu yakiwemo. Siku ukija huku, niambie kabla hujanunua viatu, maana dukani watakuuzia vya salsa.